Tangu Bustanini Hadi Mnarani

Mwaka 586 kabla ya Kristo, majeshi ya Nebukadreza yalibomoa kuta za Yerusalemu, yakateketeza hekalu na kuwaswaga watu wa Yuda kuelekea Babeli. Wenzao walikuwa wamekwisha kutangulia tangu mwaka 597 pamoja na mfalme wao kijana, Yekonia, ambaye jina lake limeonekana kwenye vibao vya udongo vilivyofukuliwa Babeli, katika orodha ya watu waliokuwa wakipewa posho ya mafuta na serikali iliyowateka. Wengine walipewa mashamba kando ya mifereji. Walilima, wakalipa kodi, wakaoza binti zao, na kijiji chao kimoja makarani wa Kibabeli walikiandika kwa jina la Mji wa Yuda. Maisha yaliwezekana. Kilichowakosesha usingizi ni kwamba walikuwa wamefundishwa kuwa Mungu anakaa katika nyumba ile, na sasa nyumba ilikuwa majivu. Je, huku ugenini anawasikia? Na kama ni yeye aliyewatoa kwao, walikosana naye tangu lini?

Mapokeo ya Wayahudi na Wakristo yanasema kitabu cha Mwanzo kiliandikwa na Musa. Tangu daktari mmoja wa Kifaransa, Jean Astruc, alipochapisha utafiti wake mwaka 1753, wataalamu wengi wameona humo mikono zaidi ya mmoja, na wengi wao wanadhani kwamba hadithi zake kongwe zilipangwa jinsi zilivyo leo wakati wa uhamisho ule au muda si mrefu baada yake. Ugomvi huo nawaachia wenyewe. Lakini soma sura 11 za kwanza za Mwanzo huku umemketisha mateka wa Babeli kando yako, nazo zinasomeka vingine. Karibu kila anayekosa humo husogea mashariki, upande ule ule alikopelekwa mateka. Na kadiri watu wanavyosogea mashariki, ndivyo maneno kati yao na Mungu yanavyopungua, mpaka yanakatika kabisa.

Mwanzoni hakuna umbali. Mungu anamfinyanga mtu kwa mavumbi, anampulizia pumzi puani, anampandia bustani, anamletea wanyama ili asikie atawaitaje. Kuna mto unaogawanyika kuwa minne, na miwili kati yake, Hidekeli na Frati, ndiyo iliyonywesha mashamba ya mateka. Jua linapopunga Mungu hutembea bustanini, kama mwenye shamba anayekagua miche yake baada ya joto la mchana. Katika sura mbili za kwanza hakuna hekalu, hakuna kuhani, hakuna sadaka, na hakuna sala. Nani amwombe nani, nao wako pamoja?

Halafu nyoka anaingia, na mazungumzo yanabadilika namna yake. Kabla ya hapo Mungu alizungumza na watu; nyoka na mwanamke wanazungumza habari za Mungu, naye hayupo. Wanachambua aliyoyasema, wanayaongeza chumvi kidogo, wanakisia nia yake, wanaamua kwamba kuna kitu anawabania. Yalikuwa masengenyo ya kwanza duniani, na kila aliyewahi kusengenywa anajua uhusiano hauwi tena ule ule. Maandiko hayo hayamwiti nyoka Shetani. Hayo yalisemwa karne nyingi baadaye. Wala tunda halina jina. Tufaha tunaloliona kwenye picha lilitoka kwa wachoraji wa Ulaya, ambao pengine hawakuwahi kuonja embe.

Wanakula, macho yanafumbuka, wanashona majani ya mtini, wanajificha kati ya miti. Anayetafuta ni Mungu. Anaita, anauliza mtu yuko wapi, anauliza nani kamwambia yu uchi. Maswali hayo ni mlango ulioachwa wazi, ila hakuna anayepita. Adamu anamtupia lawama mwanamke, tena kwa ujanja wa kumgusa na Mungu mwenyewe, kwa maana ni yeye aliyempa mwanamke huyo. Mwanamke anamtupia nyoka. Nyoka haulizwi. Katika Kurani, Adamu na mkewe wanakiri kwa kauli moja kwamba wamejidhulumu nafsi zao, wanaomba msamaha, wanasamehewa, na watoto wao hawarithi deni lolote. Mtoto wa pwani aliyepita chuoni anaijua dua hiyo kwa moyo. Katika Mwanzo hakuna dua kama hiyo. Hakuna hata mmoja, kuanzia Adamu hadi wajenzi wa mnara, anayesema nimekosa, nisamehe.

Hukumu inapotoka, wanaolaaniwa ni nyoka na ardhi. Mwanamume na mwanamke wanaambiwa habari za jasho, miiba, uchungu wa kuzaa na kurudi mavumbini, lakini laana yenyewe haiwekwi juu ya vichwa vyao. Kabla ya kuwafukuza, Mungu anawatengenezea nguo za ngozi na kuwavika. Ni tendo la ajabu: hakimu anamshonea mfungwa nguo. Kisha mlango unafungwa upande wa mashariki, makerubi wanawekwa na upanga wa moto ugeukao huku na huku.

Sura hizo zina historia yake katika lugha yetu. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa, na mwezi Juni akaanza kuzitia sura za kwanza za Mwanzo katika Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Julai mkewe Rosina akafariki siku chache baada ya kujifungua, na kichanga chake naye hakuishi. Wakazikwa ng'ambo ya pili ya maji. Miaka michache baadaye sura tatu za Mwanzo za Krapf zilichapwa Marekani katika jarida la wasomi wa mambo ya Mashariki, zikawa miongoni mwa maneno ya kwanza ya Biblia kupigwa chapa kwa Kiswahili. Ya tatu ndiyo ile inayosimulia uchungu wa uzazi na mauti.

Wakristo wa magharibi wanaisoma sura hiyo kwa macho ya Augustine, askofu wa Hippo, mji wa pwani ya Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430. Yeye alifundisha kwamba wanadamu wote walikosa ndani ya Adamu, na kila mtoto huzaliwa na hatia hiyo. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukawalaani wafuasi wa Pelagius waliopinga. Zaidi ya miaka 200 kabla yake, Irenaeus wa Lyon aliwaona Adamu na Hawa kama watoto ambao hawajakomaa, wanaohitaji kulelewa. Wakristo wa mashariki wanasema tulirithi mauti, hatia ikabaki ya Adamu mwenyewe. Wayahudi, wenye kitabu chao, hawakujenga fundisho kubwa juu ya tunda lile, na Agano la Kale haligeuki nyuma kulizungumzia tena. Kwa maoni yangu Augustine aliubebesha mti mzigo ambao msimulizi aliuweka mlango wa pili. Dhambi haitajwi kwa jina lake Edeni. Inatajwa kwa mara ya kwanza mbele ya Kaini.

Kaini alikuwa mkulima, Habili mfugaji. Kila mmoja alileta sadaka, ya Habili ikakubaliwa, ya Kaini ikakataliwa, na msimulizi hasemi kwa nini. Wahubiri wamejaza pengo hilo kwa sababu nyingi nzuri. Lakini Kaini mwenyewe hakuambiwa sababu, na nadhani uzito wa kisa uko hapo: mtu anapofanyiwa jambo asilolielewa, atafanya nini? Mungu anamwendea kabla hajafanya lolote. Anamuuliza kwa nini uso wake umekunjamana, anamwonya kwamba dhambi imeotea mlangoni kama mnyama, anamwambia anaweza kuishinda. Katika sura zote hizi hakuna mtu mwingine anayefuatwa na kuonywa hivyo, ana kwa ana, kabla ya kosa. Kaini hajibu kitu.

Anamgeukia nduguye. Hapa maandiko ya Kiebrania yana pengo la kweli: yanasema Kaini alimwambia Habili, halafu yale aliyomwambia hayapo, tafsiri ya kale ya Kigiriki ikaongeza kwamba alimwalika shambani. Lolote alilosema, lilikuwa la mwisho Habili kulisikia. Habili mwenyewe hasemi neno hata moja tangu anazaliwa mpaka anauawa. Anaanza kusikika akiwa ameshakufa, damu yake ikilia kutoka ardhini, na anayeisikia ni Mungu.

Swali la Edeni linarudi: nduguyo yuko wapi? Adamu alipoulizwa alijikanyaga, lakini alijibu kwa woga. Kaini anajibu kwa kiburi, akiuliza kama yeye ndiye mlinzi wa nduguye, yaani mchunga wa mchungaji. Sasa laana inamwangukia mtu kwa mara ya kwanza, na ardhi iliyokuwa ikimlisha inamfungia mkono. Hapo ndipo Kaini anapozungumza kwa kirefu, akilalamika kuwa adhabu ni nzito na kwamba atafichwa mbali na uso wa Mungu. Inashangaza kwamba muuaji ndiye wa kwanza kutaja umbali huo kama hasara. Anapewa alama ili asiuawe, anaondoka, anakaa nchi ya Nodi, mashariki ya Edeni, na anajenga mji. Mji wa kwanza wa Biblia uliwekewa msingi na mtoro.

Na mji huo ulistawi. Wazao wa Kaini ndio waliofuga mifugo wakikaa hemani, waliopiga kinubi na filimbi, waliofua shaba na chuma. Msimulizi hawanyimi sifa zao. Sanaa na ufundi, kwake, vilitoka katika ukoo wa muuaji. Lakini katika ukoo huo wote hakuna anayezungumza na Mungu. Lameki, wa kizazi cha saba, anawaita wake zake wawili, Ada na Sila, anawatambia kwamba amemuua mtu kwa kumtia jeraha, na kwamba kama Kaini atalipiwa kisasi mara 7, yeye atalipiwa mara 77. Ile alama Kaini aliyopewa kwa huruma, mzao wake ameifanya majigambo ya kuwatisha watu nyumbani. Mungu hajibu. Haijulikani hata kama alikuwa akiambiwa.

Upande wa pili Adamu na Hawa walipata mtoto mwingine, Sethi, naye akamzaa Enoshi, na kitabu kinasema kwamba wakati huo watu walianza kuliitia jina la Bwana. Kwa kawaida mstari huo husomwa kama habari njema, mwanzo wa ibada. Ni habari njema, ndiyo, lakini inauma pia: huwezi kumwita kwa sauti mtu aliyeketi mkekani pamoja nawe. Ibada ilianza pale watu walipotambua kwamba kuna masafa.

Sura ya tano ni orodha ya vizazi, na wengi huiruka. Kuna sababu ya kutoiruka. Kila mmoja aliishi miaka kadha, akazaa, akaishi tena miaka kadha, akafa. Adamu 930, Methusela 969, na hakuna anayefikisha 1000. Wasumeri nao walikuwa na orodha ya wafalme wao wa kabla ya gharika. Katika nakala iliyohifadhiwa Oxford, wafalme 8 walitawala jumla ya miaka 241,200. Ukilinganisha, hesabu za Mwanzo ni za unyenyekevu. Mfalme wa Sumeri alikaribia kuwa mungu. Mzee wa Mwanzo, hata akiishi mno, mwisho wake ni kaburi. Mmoja tu anaiponyoka orodha, Henoko, aliyeishi miaka 365 akienda pamoja na Mungu, kisha hakuonekana. Watu hawakuridhika na maneno machache hayo. Wakamtungia kitabu kizima, chenye habari za malaika waliowatamani mabinti wa watu na kuwafundisha wanadamu kutengeneza silaha. Kitabu hicho kilipotea Ulaya kwa karne nyingi huku Kanisa la Ethiopia likiendelea kukisoma kwa Kigeezi kama sehemu ya Biblia yake, hadi msafiri wa Kiskoti James Bruce aliporudi na nakala zake mwaka 1773. Vipande vyake vya Kiaramu vilikuja kupatikana katika mapango ya Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, na kuthibitisha kwamba Wahabeshi walikuwa wametunza kitu cha kale kweli.

Gharika ndiyo kisa ambacho mateka alikikuta Babeli kikisimuliwa na wenyeji. Sisi tulikuja kulijua hilo mwaka 1872, pale George Smith, aliyejifunza ujana wake kuchonga bamba za kuchapia noti, alipokuwa akisoma vibao vya Ninawi katika jumba la makumbusho la London akakutana na meli juu ya mlima na njiwa aliyetumwa akarudi. Desemba mwaka huo aliwasomea wasomi wa London tafsiri yake, waziri mkuu Gladstone akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Kilikuwa kibao cha 11 cha utenzi wa Gilgameshi. Baadaye ikajulikana kwamba kuna kisa kikongwe zaidi, cha Atrahasisi, chenye nakala za karne ya 17 kabla ya Kristo.

Mafuriko ni yale yale, safina ni ile ile, hata ndege wanafanana. Sababu ndiyo tofauti. Katika Atrahasisi watu wamezaana mno, wanapiga kelele, na mungu Enlili hapati usingizi. Katika Mwanzo dunia imejaa dhuluma, na Mungu anahuzunika moyoni kwa kumuumba mtu. Miungu ya Babeli, baada ya gharika kukata sadaka zao, inakusanyika juu ya nyama ya kuchoma kama nzi, kwa njaa. Mungu wa Mwanzo hana njaa; ana kitu kinachofanana zaidi na majonzi ya mzazi. Mateka aliyeyasikia yote mawili alipewa jibu lisilo rahisi. Kutengana huko hakukumuumiza mtu peke yake.

Lakini tumtazame Nuhu. Kitabu kinamsifu kuwa mwenye haki, aliyekwenda pamoja na Mungu. Anapewa vipimo, mikono 300 kwa 50 kwa 30, anapewa orodha ya wanyama, anapewa siku ya kuingia. Anafanya yote kama alivyoagizwa. Na hasemi neno. Haulizi, habishi, hamwombei hata jirani mmoja. Msomaji wa Kurani atastaajabu, kwa kuwa Nuhu anayemjua yeye aliwalingania watu wake kwa miaka 950 na kumlilia Mungu kwa ajili ya mwanawe anayezama. Nuhu wa Mwanzo ni bubu mbele ya Mungu tangu amri ya kwanza hadi upinde wa mvua. Wayahudi wenyewe hawakumwacha bila kumsema. Zohari, kitabu cha siri za dini kilichojulikana Hispania katika karne ya 13, kinamwonyesha akitoka safinani akilia kwa kuiona dunia tupu, na Mungu akimkemea: kwa nini unalia leo, hukulia pale nilipokwambia ujenge?

Mungu ndiye aliyefunga mlango wa safina kwa nje, kama mzazi anayehakikisha watoto wamelala ndani. Na maji yalipokauka alisema jambo ambalo wasomaji wa haraka hawalioni. Gharika ililetwa kwa sababu mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya. Baada ya gharika Mungu anaahidi kutoilaani tena nchi, na sababu anayotoa ni kwamba mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake. Sababu haijabadilika hata kidogo. Maji hayakumbadilisha mtu. Mungu ndiye aliyeamua kuishi naye hivyo hivyo, akaweka upinde mawinguni ili yeye mwenyewe aikumbuke ahadi yake.

Nuhu hatimaye anafungua kinywa, na inatia uchungu kusikia alichokiweka akiba muda wote huo. Alipanda mizabibu, akalewa, akalala uchi hemani. Mwanawe Hamu akamwona na kuwaambia nduguze. Alipozindukana, maneno yake ya kwanza kuandikwa yakawa laana, tena juu ya mjukuu, Kanaani mwana wa Hamu, ambaye hakuwapo katika kisa. Familia 1 ndiyo iliyobaki duniani, na tayari mmoja anatamkiwa utumwa.

Hapa sina budi kutoka nje ya Biblia kidogo, maana laana hiyo ilisafiri. Kushi, ndugu yake Kanaani, hakutajwa katika laana. Hilo halikuwazuia wafanyabiashara ya watumwa na wahubiri wao kuinyoosha hadi iwafunike Waafrika wote, na kusema kwamba minyororo ilitoka kwa Mungu. Karne ya 19 Wazungu wakalipindua jina la Hamu upande wa pili. Walipokuta falme zilizopangika vizuri kwenye Maziwa Makuu hawakutaka kuamini kwamba zilijengwa na wenyeji. Mmoja wao, John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alidai watawala wa falme hizo walitoka Uhabeshi, watu wa damu nyingine. Nadharia hiyo ya Wahamiti, yaani wazao wa Hamu, ikafundishwa shuleni Rwanda na Burundi, na miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja alihutubia mkutano Rwanda akitaka Watutsi, waliohesabiwa kuwa Wahamiti, warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea mtoni humo. Maneno ya mzee aliyelewa, yaliyopotoshwa na kupotoshwa tena, yalifika mbali kuliko safina yake.

Tunafika Babeli, na mateka hakuhitaji kuelezwa. Watu wanasafiri pande za mashariki, wanapata tambarare ya Shinari, wanachoma matofali badala ya mawe na kutumia lami badala ya chokaa, wanataka kujenga mji na mnara wa kufika mbinguni ili wajifanyie jina. Msimulizi aliujua ufundi huo: majengo makubwa ya Babeli yalijengwa hivyo hivyo, na matofali ya Nebukadreza yalipigwa muhuri wenye jina lake, moja moja, kwa maelfu. Kati ya mwaka 1899 na 1917 Mjerumani Robert Koldewey aliufukua mji huo, na akaupata msingi wa Etemenanki, mnara wa mungu Marduki, wenye upana wa mita 91 hivi kila upande. Aleksanda Mkuu alikuwa ameondoa kifusi chake akikusudia kuujenga upya, akafa mwaka 323 kabla ya Kristo. Leo pamebaki shimo la mraba linalojaa maji.

Kisa chenyewe kina kejeli ya mtu aliyeshindwa vita lakini hakunyang'anywa ulimi. Mnara unaotakiwa kugusa mbingu ni mdogo kiasi kwamba Mungu analazimika kushuka ili auone. Sikiliza nani anasema na nani. Watu wanaambiana wao kwa wao, haya na tufanye matofali, haya na tujenge. Mungu naye anasema upande wake, haya na tushuke. Hakuna swali kutoka juu, hakuna jibu kutoka chini. Kaini aliulizwa yuko wapi nduguye. Wajenzi wa Babeli hawaulizwi chochote. Wanadamu wanapoteza lugha yao moja baada ya kuwa wameshaacha kuitumia kwa Mungu.

Kuna visa vingi vya Afrika vinavyosimulia kutengana huku, na vingi vina mwelekeo wa kinyume: anayeondoka ni Mungu. Wadinka wa Sudan Kusini husema mbingu zamani zilikuwa karibu, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga alipozipiga kwa mchi wake mrefu, na Mungu akajitenga. John Mbiti wa Kenya, aliyekusanya visa hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1969, alibainisha kwamba hakupata hata kimoja kinachosimulia jinsi hasara hiyo itakavyofidiwa.

Mwanzo nayo, baada ya Babeli, inakaa kimya. Vizazi 10 vya Shemu, mwana wa Nuhu, vinapita bila Mungu kusema neno, na umri unazidi kupungua, 600, 438, 239, 148. Tera, wa ukoo huo, anatoka Uru wa Wakaldayo na jamaa yake, anaishia Harani, na mkwewe Sarai ni tasa. Kitabu cha Yoshua kinasema Tera aliabudu miungu mingine. Kwa nini basi Mungu akamsemesha mwanawe, Abramu? Hakuna maelezo, kama vile hakukuwa na maelezo ya sadaka ya Kaini. Abramu, mwenye miaka 75, anaambiwa aondoke, anaondoka, na safari yake inaelekea magharibi.

Mwanzoni naye ni mtiifu kimyakimya, mfano wa Nuhu. Ni katika sura ya 15 ndipo anapojibu, na jibu lake la kwanza ni lalamiko: utanipa nini, nami sina mtoto? Hakemewi. Anatolewa nje na kuonyeshwa nyota. Halafu inakuja siku ile chini ya mialoni ya Mamre, Mungu anapomdokezea Abramu, sasa aitwaye Abrahamu, habari ya Sodoma, mji wenye dhuluma kama ile ya kabla ya gharika. Abrahamu anafanya lile ambalo Nuhu hakulifanya. Anasogea karibu na kuanza kupatana bei kama mtu wa sokoni, akijiita mavumbi na majivu huku akiuliza kama hakimu wa dunia yote atatenda lisilo haki. Wakipatikana wema 50 utauharibu? Wakiwa 45? 40? 30? 20? Kila mara Mungu anamkubalia. Anafika 10, anakoma.

Sodoma iliteketea hata hivyo, na wasomaji wamekuwa wakiuliza kwa nini hakushuka chini ya 10. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi aliyeishi Troyes, Ufaransa, akafariki mwaka 1105, alisema Abrahamu alikuwa amekwisha kupiga hesabu: safinani waliingia watu 8, Nuhu na mkewe, wanawe na wake zao, na hao 8 hawakutosha kukiokoa kizazi chao.